Pepo chini ya nyayo za mama: Nani aliyeambiwa?

  

Ndugu zangu katika imani, Ijumaa moja, baada ya kuswalisha katika msikiti ulio pembezoni mwa Mbagala, nilimkuta mwanamke kijana akinisubiri karibu na mlango wa akina mama. Alikuwa amempakata mtoto mchanga wa kiasi cha miezi mitatu. Alinisalimu kwa adabu, akanyamaza kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini iliyonilazimu kuinamisha kichwa ili niisikie: "Shehe, mtoto huyu akilia usiku natamani nifungue mlango nitoke, nisirudi tena. Namwogesha, namnyonyesha, kila kitu namfanyia, lakini moyo wangu haupo. Nina dhambi?"

Nilimjibu upesi, kwa kuwa nilikuwa nasubiriwa kwenye mazishi Tandika. Nilimkumbusha kwamba pepo iko chini ya nyayo za mama, nikamwambia azidishe istighfari na nyiradi za asubuhi na jioni, na amshukuru Mola wake, kwani wako wanaolia usiku na mchana wakiomba mtoto na hawajajaaliwa. Akasema, "Ahsante, shehe," akaondoka.

Jioni nilimsimulia mama watoto wangu habari hiyo bila kumtaja mhusika. Hakuniuliza nilitoa aya gani wala hadithi gani. Aliniuliza jambo moja tu: "Ulimuuliza nani anakaa naye nyumbani?" Sikuwa nimemuuliza.

Usiku ule nilirudi kwenye vitabu, na nilichokiona kilinitia haya, kwa sababu ni jambo nililolisoma tangu ujana wangu na sikuwahi kulitazama vizuri. Hadithi ya pepo na nyayo za mama, kwa mapokezi ya Imamu Nasai na Imamu Ahmad, inatokana na kisa cha sahaba aitwaye Jahima. Alimwendea Mtume (S.A.W.) kumtaka ushauri juu ya kutoka kwenda vitani. Mtume akamuuliza kama mama yake yu hai. Aliposema ndiyo, akamuamuru ashikamane naye, kwa kuwa pepo iko miguuni pake. Basi tazama, ewe ndugu msomaji, nani aliyekuwa akisemeshwa. Aliyeambiwa ni mtoto wa kiume, mtu mzima mwenye nguvu zake, na aliambiwa abaki nyumbani amhudumie mama yake. Mama mwenyewe hakuwapo pale, wala hakuongezewa mzigo wowote.

Baada ya hapo nikazipitia nyingine. Katika Suratul Luqman, aya ya 14, na katika Suratul Ahqaf, aya ya 15, Mwenyezi Mungu anataja udhaifu juu ya udhaifu wa mwenye mimba, tabu ya kubeba na tabu ya kuzaa. Anayeusiwa katika aya zote mbili ni mwanadamu juu ya wazazi wake. Ile hadithi mashuhuri ya Abu Huraira, waliyoipokea Bukhari na Muslim, ambamo mama ametajwa mara tatu kabla ya baba, nayo ni jibu alilopewa mtu aliyeuliza ni nani anayestahiki zaidi wema wake. Kila mahali mama anaposifiwa, wako watu wengine wanaodaiwa kitu. Sisi tumezichukua sifa hizo, tukamrudishia yeye mwenyewe zikiwa amri ya kuvumilia na kunyamaza, na wadaiwa tumekaa pembeni tukitikisa vichwa. Mimi nilifanya hivyo kwa binti yule, mchana kweupe, nikiwa nimevaa joho.

Je, Qur'ani inasema nini na mama ambaye moyo wake umelemewa? Kisa cha Bibi Maryam (A.S.) tunakisoma sana kwenye maulidi na mihadhara, lakini tunapita haraka pale penye uchungu. Katika Suratu Maryam, kuanzia aya ya 23, uchungu wa uzazi ulimpeleka kwenye shina la mtende, akiwa peke yake, akatamani angekuwa amekwisha kufa kabla ya siku ile na kusahauliwa kabisa. Huyu ni mwanamke aliyeteuliwa juu ya wanawake wa ulimwengu, na maneno hayo yamehifadhiwa ndani ya Kitabu yasomwe mpaka Kiama. Hakukemewa kwa kuyasema wala hakuambiwa kuwa imani yake ni pungufu. Alielekezwa maji yaliyokuwa chini yake, akaambiwa autikise mtende zimdondokee tende mbivu, ale, anywe, na jicho lake litulie. Kisha akapewa ruhusa ambayo mimi naiona ni ya huruma ya ajabu: akimwona mtu yeyote, asilazimike kuzungumza naye. Chakula, maji, utulivu, na kuepushwa na maswali ya watu. Mtu akimpatia mzazi wa leo mambo hayo manne kwa wiki moja tu, amefanya kazi kubwa kuliko hotuba yangu ya mlangoni.

Na mama yake Nabii Musa (A.S.), katika Suratul Qasas, aya ya 10, moyo wake ulikuwa mtupu, akakaribia kuidhihirisha siri yake lau Mola asingeutia moyo wake nguvu. Neno alilonieleza binti yule wa Mbagala, kwamba moyo wake haupo, halikuwa mbali na neno hilo.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa wote wanazuoni, lakini jambo hili walilijua kwa vitendo. Mwanamke akijifungua, jina lake linabadilika: anaitwa mzazi, na kwa siku arobaini mzazi hana kazi. Mama yake au shangazi huhamia nyumbani kwake, au yeye hurejeshwa kwao. Anakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, anapewa uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku, anafungwa mkaja tumboni, na usiku mtoto akilia wako watu watatu wa kumpokea. Mkaja huo una heshima yake hata leo. Anapoposwa binti, pamoja na mahari, hutolewa fungu kwa ajili ya mama mzazi linaloitwa mkaja, kwa kumbukumbu ya ule aliofungwa siku alipomzaa. Miaka ishirini imepita, na bado ukoo mzima unakiri kuwa mama anadai.

Fiqhi nayo inakwenda sambamba na desturi hii. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo tunayofuata wengi wetu katika mwambao huu, damu ya nifasi aghalabu huendelea siku 40 na ukomo wake ni siku 60. Muda wote huo sala imemwondokea mwanamke na wala hailipi. Ikiwa nguzo ya pili ya Uislamu imewekwa kando kwa ajili ya hali yake, sisi ni nani wa kumdai afue mashuka siku ya nne?

Sasa tuitazame Dar es Salaam yetu. Katika sensa ya mwaka 1967 jiji hili lilikuwa na watu wasiofika 300,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Watu hawa hawakuweza kubanana Kariakoo na Ilala. Wamesogea Chamazi, Mbande, Kongowe, Chanika, Goba, Bunju. Kijana anapata kiwanja, anajenga vyumba viwili na sebule, anahamia kabla hata plasta haijapigwa, na hilo ni jambo la kusifiwa. Ila nyumba ile imezungukwa na ukuta na geti, jirani ni mgeni kama yeye, mama mzazi yuko Pangani au Kilwa, au yuko Tandale akiuguza mgonjwa mwingine. Katika nyumba zetu za zamani za Kiswahili, zenye vyumba sita na ukumbi katikati, mwanamke hakuweza kulia peke yake hata akitaka. Ukuta wa chumba haukufika juu, na asubuhi kila mpangaji alikuwa amesikia. Tuliona hiyo ni kero. Na ilikuwa kero kweli, nimekulia humo. Lakini mtu anayesikia kilio chako usiku wa manane ni neema pia.

Wanawake wa mji huu walikuwa hata na vyama vyao. Katika miaka ya 1950, vikundi vya lelemama vilikuwa vimeenea, na wanachama walisaidiana katika arusi, misiba na uzazi. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926 na ambaye barabara ya katikati ya mji ina jina lake, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kundi la Bomba, na kupitia vikundi hivyo aliwakusanya wanawake wa Dar es Salaam kuingia TANU kuanzia mwaka 1955. Mimi si mtetezi wa ngoma, na wanaonisikiliza msikitini wanalijua hilo. Lakini lazima nikiri kuwa tulipozikataza ngoma hizo tulikuwa na hoja, na hatukuwapa akina mama kitu cha kuziba pengo la kutazamana na kusaidiana lililobaki.

Kilichobaki ni sherehe. Siku hizi arobaini ina ukumbi, ina sare, ina mpiga picha, na mzazi anaketishwa kwenye kiti kilichopambwa kwa maua huku macho yake yanasinzia. Picha zinarushwa kwenye makundi ya simu kabla ubwabwa haujapoa. Siku arobaini zenyewe, zile za kukandwa na kupumzishwa, hakuna aliyeziona. Tumeutupa mwili wa desturi tukabaki na kanzu yake, na kanzu nayo ni ya kukodi.

Nimelazimika kujielimisha katika suala ambalo madrasa haikunifundisha. Madaktari wanasema kulia bila sababu na kuvurugika hisia katika siku za mwanzo baada ya kujifungua ni jambo la kawaida, na aghalabu huisha lenyewe ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, mama akiwa hana furaha, halali hata mtoto anapolala, hajisikii chochote juu ya mtoto wake, au anajiona hafai kuishi, hayo ni maradhi, na jina lake ni sonona baada ya uzazi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa katika nchi zinazoendelea takriban asilimia 19.8 ya akina mama waliojifungua hupatwa na maradhi ya akili, hasa sonona, na kwa wajawazito ni asilimia 15.6. Kwa hesabu hiyo, katika kila wazazi watano tunaowapelekea zawadi, mmoja anaumwa. Iko pia ile wazee wanayoiita kichaa cha uzazi, ambapo mama huona na kusikia visivyokuwepo. Hiyo haingoji hata usiku mmoja. Ni ya kukimbizwa hospitali.

Tatizo letu ni kwamba tukiyaona haya tunatafuta mkosaji. Hatuko peke yetu. Daktari mmoja Mwingereza, John Cox, aliyefanya kazi Uganda katika miaka ya 1970, aliwachunguza wanawake wajawazito na waliojifungua, akaandika mwaka 1979 juu ya maradhi ambayo Waganda huyaita amakiro, ya mama kuchanganyikiwa baada ya uzazi hata ahofiwe kumdhuru mwanawe. Wenyeji waliamini kuwa chanzo chake ni zinaa iliyofanywa wakati wa mimba. Fikiria mwanamke aliyezidiwa na maradhi, na juu yake anatwishwa tuhuma ya uchafu! Daktari huyo na wenzake walitunga baadaye, wakiwa Edinburgh, maswali kumi mepesi ya kumtambua mama mwenye sonona. Yalichapishwa mwaka 1987 na yanatumika katika nchi nyingi duniani. Kwetu mkosaji ni jini, au husuda ya wifi, au ulegevu wa ibada. Kusoma Qur'ani kwa ajili ya mgonjwa ni haki na mimi mwenyewe nasoma. Lakini Mtume (S.A.W.) alituamuru tujitibu, akatufahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na dawa yake. Basi anayesoma asome, na gari la kwenda kituo cha afya liwe limekwishaitwa. Hospitali za rufaa za mkoa ziko Temeke, Amana na Mwananyamala, na kwa mazito zaidi ipo Muhimbili. Kila mwezi tunapeleka watoto kliniki kupimwa uzito. Mama naye ajitahidi kumwambia muuguzi hali yake, hata kama hakuulizwa.

Nirudi kwenye fiqhi, kwa kuwa humo mna mambo ambayo tumeyaficha. Katika kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi, kilichosomwa na mashehe wa mwambao huu kizazi baada ya kizazi, mama analazimika kumpa mwanawe dang'a, yale maziwa ya kwanza. Baada ya hapo, akipatikana mwanamke mwingine wa kunyonyesha, mama halazimishwi, na gharama ni juu ya baba. Sisemi haya ili akina mama waache kunyonyesha. Suratul Baqara, aya ya 233, imehimiza miaka miwili kamili kwa mwenye kutaka kutimiza, na madaktari wanasisitiza miezi sita ya mwanzo bila kuchanganya na kitu kingine. Nasema haya ili tuone kwamba wanazuoni walipokaa kuandika, walimwona mama kuwa ni mtu mwenye uwezo wenye mpaka. Aya hiyo hiyo inakataza mama asidhurishwe kwa sababu ya mwanawe, na inataka hata kumwachisha mtoto ziwa kuwe kwa kuridhiana na kushauriana baina ya wazazi wawili. Kushauriana! Wangapi kati yetu tumewahi kukaa na wake zetu tukashauriana juu ya nani anaamka saa nane ya usiku?

Maulamaa wengi wamesema pia kuwa kupika na kufagia si wajibu wa kisheria juu ya mke, ni wema na desturi njema ya kusaidiana. Nikilitaja hili msikitini wanaume huinama wakautazama mkeka. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kuwa alikuwa katika kazi za ahali zake, na ukifika wakati wa sala hutoka. Imamu Bukhari ameipokea. Na Bibi Fatma (R.A.), binti wa Mtume, mikono yake iliumizwa na jiwe la kusagia, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Mashehe tunamaliza kisa hiki kwa haraka: alifundishwa tasbihi 33, tahmidi 33 na takbiri 34. Tunaruka jambo moja lililo ndani ya mapokezi. Mtume hakuwapo nyumbani binti yake alipokuja, na alipopata habari alimfuata usiku ule ule, akawakuta yeye na Sayyidna Ali wamekwisha kulala, akakaa kati yao. Nyiradi zile zilitolewa na baba aliyekuja mwenyewe mpaka kitandani kwa mwanawe aliyechoka. Mimi nilizitoa mlangoni nikiwa nimeshika funguo mkononi.

Wako watakaosema kuwa matatizo haya yameletwa na wanawake kutoka kwenda kazini. Sioni hivyo. Bibi Zainab, mke wa Abdullahi bin Masud (R.A.), ndiye aliyekuwa akimkimu mumewe na mayatima waliokuwa chini yake, akamuuliza Mtume kama hilo linamtosha, akabashiriwa malipo mawili: ya ujamaa na ya sadaka. Mama anayetoka Mbande saa kumi na moja alfajiri kugombania daladala hatoki kwa anasa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha atakaporudi. Baba alipewa angalau siku 3, na nijuavyo mimi wengi huzimalizia kwenye kununua mbuzi wa akika. Lakini saa mbili za kunyonyesha zina faida gani ikiwa kazi iko Posta na mtoto yuko Chamazi? Na muuza vitumbua wa Rangi Tatu, ambaye hana mwajiri, hizo siku 84 atamdai nani? Huyo nimemwona kwenye meza yake wiki ya tatu, mtoto amelazwa kwenye beseni.

Tena anayeachiwa mtoto nyumbani ni nani? Mara nyingi ni binti wa miaka kumi na minne au kumi na mitano aliyetolewa kijijini, ambaye mwenyewe bado anamhitaji mama yake. Jambo hili linastahili makala yake, nami naliacha kwa leo.

Liko suala la jina, ambalo binti yule alilitaja siku ya pili niliyoonana naye. Alisema: "Shehe, tangu nijifungue hakuna anayeniita jina langu. Mume wangu, mama mkwe, hata wenzangu wa kazini. Nilikuwa mwalimu, nilikuwa msomaji mzuri wa Qur'ani, nilikuwa mtu. Sasa ni mama wa fulani." Mwanzoni niliona ni malalamiko ya kisasa, maana kwetu kuitwa kwa jina la mtoto ni heshima, na Waarabu wana kuniya zao. Lakini ukiichunguza kuniya utaona haikukusudiwa kulizika jina. Bibi Aisha hakuzaa, na Mtume (S.A.W.) alimpa kuniya ya Ummu Abdillahi kwa mtoto wa dada yake, Abdullahi bin Zubeir. Na hapa wapate faraja dada zetu ambao hawajajaaliwa kuzaa: umama katika Uislamu ulipata nafasi kwa mwanamke asiye na mtoto. Pamoja na hayo, umma wote unamjua kwa jina lake, Aisha.

Ummu Salama (R.A.), ambaye jina lake ni Hind binti Abi Umayya, ni mfano mpana zaidi. Alipotaka kuhamia Madina na mumewe na mwanawe, jamaa zake walimzuia, na jamaa za mume wakamvuta mtoto mpaka mkono wake ukateguka, wakaenda naye. Mume akatangulia Madina. Ibn Is-haq amesimulia kuwa mama huyu alitoka kila asubuhi akaenda kukaa Abtah akilia mpaka jioni, kwa muda wa karibu mwaka mmoja. Hakupona kwa kuambiwa asubiri. Alipona pale mtu mmoja wa ukoo wake alipopita, akamwona, akaona huruma, akaenda kusema na watu mpaka akaruhusiwa kwenda kwa mumewe na mtoto akarudishwa. Baadaye akawa mjane mwenye watoto wadogo. Mtume alipomposa alimweleza waziwazi kuwa ana wivu, ana watoto na umri umekwenda, na kila jambo akajibiwa kwa upole. Mwaka wa 6 Hijria, kule Hudaibiya, masahaba walipozubaa kutekeleza amri ya kuchinja na kunyoa, yeye ndiye aliyemshauri Mtume atoke, achinje na anyolewe mbele yao bila kusema na yeyote, na watu wote wakafuata. Mwanamke aliyelia Abtah mwaka mzima na mwanamke aliyetoa rai ile ni mmoja. Kulia kwake hakukumfuta, na umama wake haukuifunga akili yake.

Nilimpataje tena binti yule? Nilimtuma bibi mmoja anayesomesha wanawake Qur'ani katika mtaa ule, akamtafuta kwa siku mbili. Nilimwita mumewe pia. Ni kijana anayeuza vitenge Kariakoo, anatoka nyumbani kabla ya jua na kurudi saa tatu usiku. Akaniambia: "Shehe, mimi nilidhani amenichoka. Pampasi naleta, hela ya matumizi naacha. Sikujua kama anaumwa." Nilimwamini. Hakuna aliyemfundisha, na mimi niliyewafungisha ndoa vijana wengi wa rika lake nimekuwa nikiwahutubia juu ya haki za mume kwa dakika ishirini na haki za mzazi kwa dakika mbili.

Alipelekwa hospitali, akapewa dawa na ushauri. Shangazi wa mume alikuja kutoka Kisarawe akakaa mwezi mmoja, na alipoondoka, wanawake wa darasa lile walipanga zamu: Jumanne na Alhamisi mmoja wao huja kumshika mtoto kwa saa mbili, mzazi alale. Mwanzoni hawakupenda. Walisema wao walizaa bila hayo yote. Bibi mwalimu akawauliza ni nani kati yao hakukandwa na mama yake, na hakuna aliyeinua mkono. Sasa wana wazazi watatu kwenye orodha yao. Nasi wanaume tumekubaliana, baada ya mjadala usiokuwa mfupi, kwamba hakuna atakayewakemea tena akina mama kwa sababu ya mtoto kulia wakati wa khutba. Mtume alikuwa akifupisha sala akisikia mtoto analia, kwa kuchelea kumpa tabu mama yake, na sisi tulikuwa tukituma mtu akawaambie watoke nje.

Sitaki kuwaambia kuwa kila kitu kimekwisha. Binti yule anataka kurudi kufundisha na mumewe hajakubali. Suala hilo bado liko mezani kwangu na nitakaa nao tena. Kuna siku analia. Lakini analala, anakula, na mwezi uliopita alisoma Qur'ani mbele ya wanawake wenzake kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, mtoto akiwa mapajani kwa mtu mwingine. Nilipokutana naye baada ya hapo nilimwita kwa jina la mtoto wake, kwa mazoea. Alitabasamu, akanitajia jina lake taratibu, kama mtu anayemfundisha mwanafunzi mzito. Sitaliandika hapa kwa kuwa ni amana, ila siku hizi nalikumbuka.